Risasi ya Mauser ya 1871 na Maneno ya Kushindilia

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili: ni madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, tena ni kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Maana zote mbili zimo katika Kiarabu, ambacho ni asili ya neno hilo, wala Waswahili hawakuzibuni. Lakini zilidumu kwa urahisi katika lugha ya watu ambao vitu hivyo viwili vilipita mikononi mwao wenyewe, kwani mpiga bunduki wa zamani aliyeyusha cha kwanza ili apate cha pili.

Majina mengi ya kazi hiyo yalikuja na biashara ya baharini. Bunduki, baruti, kalibu, kusubu na kiasi, yote ama yana asili ya Kiarabu ama yalipitia katika Kiarabu. Kitenzi cha kazi yenyewe, yaani kushindilia, ni cha Kibantu. Mwenye gumegume au gobori alisubu risasi katika kalibu, akapima baruti, akaimimina mtutuni, akatia risasi juu yake, kisha akashindilia kwa mdeki. Baruti ya mlio mmoja ilikuwa kiasi chake. Na bunduki za kutiliwa nyuma zilipofika, kile kitu kimoja chenye baruti na risasi pamoja nacho kikaitwa kiasi cha bunduki.

Miongoni mwa viasi hivyo kimoja chastahili kuchunguzwa, nacho ni kile cha bunduki ya 1871 iliyobuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa Oberndorf katika nchi ya Württemberg, ikakubaliwa na Dola ya Ujerumani iliyokuwa imeundwa mwaka huo huo. Ganda lake lilikuwa la shaba ya manjano, lenye urefu wa milimita 60 na ukingo kitakoni, ambako fataki ilikaa. Ndani yake mlikuwa na gramu 5 za baruti nyeusi, na juu yake kisahani cha nta. Kisha ikakaa risasi ya gramu 25, iliyozungushiwa karatasi ili madini laini yasigandamane na mifuo ya mtutu. Hivyo kupima, kutia, kushindilia na kuwasha, kazi ambazo zamani zilifanywa moja moja, zikafungwa katika ganda moja kiwandani. Askari alipata wepesi wa kupiga, lakini kazi ya kutengeneza risasi ilimtoka mkononi.

Kutengana huko kwa mtumiaji na mtengenezaji kulikuwa na maana katika utawala pia. Mapatano ya Brussels ya 1890 yalizuia kuingizwa kwa bunduki za mifuo na viasi vyake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hata nyuzi 22 kusini ya ikweta, ila yaliacha nafasi kwa gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Basi mtawaliwa aliachiwa silaha ambayo risasi yake aliweza kuisubu mwenyewe, na mtawala akabaki na ile iliyotegemea kiwanda.

Lakini viwanda vyenyewe viliiacha upesi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1888 Wajerumani wakapokea bunduki mpya ya risasi nyembamba zaidi. Zile za 1871 zikapelekwa makoloni. Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani yalikuwa yangali nazo. Katika mapigano ya Tanga, mwezi wa Novemba mwaka huo, kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Waingereza walipoondoka Tanga waliacha bunduki za kisasa za kutosha makampuni matatu na zaidi, pamoja na risasi 600,000, na askari wakapata kuziweka kando baadhi ya zile za moshi.

Mwezi wa Aprili 1915 meli Rubens, iliyojificha kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuzama kwa sehemu. Shehena iliokolewa, lakini maji ya bahari yalikuwa yameingia katika risasi. Hizo hazikuwa za 1871, bali za bunduki mpya. Hata hivyo dawa yake ilikuwa ile ya zamani, yaani mkono wa mtu. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba kwa miezi kadhaa, huko Moshi, askari na watu wengine waliopatikana walifanya kazi toka alfajiri hata usiku, wakifungua maganda, wakisafisha baruti na kubadili fataki. Zile ambazo kati ya 100 kama 20 hazikulia zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbaya zaidi zikawa za mazoezi. Masimulizi yanawataja mafundi hao kwa jumla tu, ingawa jeshi zima liliwategemea.

Kiasi cha 1871 chenyewe kimekuwa adimu, na wapenda silaha za kale wa Ulaya na Marekani wanaotaka kuipiga bunduki hiyo hulazimika kukitengeneza. Kwanza hupima mtutu kwa kupitisha ndani yake kipande cha risasi laini, maana si kila bunduki ina upana ule ule. Kisha huyeyusha risasi, pengine kwa kuongeza bati kidogo, huimimina katika kalibu, na kuizungushia karatasi au kuipaka nta na shahamu. Baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa nafasi tupu ndani ya ganda. Kwa hiyo hugandamizwa mpaka risasi iikalie juu. Mtu akitafuta kitenzi cha Kiswahili cha tendo hilo hatapata kilicho sahihi kuliko kushindilia. Kazi iliyofungwa kiwandani mwaka 1871 imerudi mkononi, na neno lake lilikuwa likiingoja.

Maneno mengine hayakuwa na bahati hiyo. Kiasi sasa kwa wengi ni kadiri tu, na fataki ni ya sherehe. Msomaji wa leo akikuta katika maandiko ya zamani kwamba mtu alipewa viasi kumi, aweza kudhani mwandishi amesahau kutaja kitu kilichopimwa. Kosa hilo lingemwondolea msomaji si neno moja tu, bali habari ya nani aliyekuwa na uwezo wa kupiga, na nani aliyengoja kugawiwa.