Mguu unakataa, skaneri iko safi: ugonjwa gani huo?

Mtu anaamka asubuhi, mguu mmoja haunyanyuki. Hopitali wanapima damu, na kama pesa ya skaneri iko, wanapiga picha ya kichwa. Vyote viko safi. Hapo famili inagawanyika: huyu anasema amerogwa, yule anasema anajifanya. Mara nyingi wote wawili wanakosea.

Waganga wanauita ugonjwa wa utendaji wa neva. Ubongo haukupasuka wala kuoza, ila namna unavyotuma amri kwa mwili imevurugika. Mguu unalegea, mkono unatetemeka, ao mtu anaanguka sawa mwenye kifafa. Vita, ubakaji na msiba vinaweza kuufungulia mlango, lakini kwa wengine unaanza kisha kuumia kidogo tu. Kwa hiyo kumlazimisha mgonjwa atoe "siri" yake hakusaidii.

Kitu wengi hawajui: picha safi peke yake haitoshi kuutambua. Munganga anatafuta alama zake. Moja ilielezwa mwaka 1908 na Charles Hoover, munganga wa Marekani, na haiombi mashine yoyote. Mgonjwa analala chali. Akiambiwa akandamize kitanda kwa kisigino cha mguu uliolegea, nguvu hakuna. Akiambiwa anyanyue ule mguu mzima, kile kisigino kinakandamiza chenyewe! Munganga mzuri anamuonyesha mgonjwa alama hiyo: njia ya neva bado iko, inaweza kurudi kazini. Matunzo yanaanzia hapo.

Kisha kunafuata mazoezi na munganga wa viungo, yule wanaita kine: kutembea kinyumenyume, kucheza muziki, kurusha mpira, ili akili isikazie macho mguu. Kwa wanaoanguka, mazungumzo na mtu wa saikolojia ndiyo yanasaidia zaidi. Dawa za kifafa haziponyi mianguko ya aina hii. Lakini mtu asiziache mwenyewe, juu wengine wana magonjwa yote mawili, na kule Ituri kifafa cha kweli ni kingi.

Miguu yote miwili ikikakamaa ghafula pahali watu wanakula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, inaweza kuwa konzo, ambayo inaharibu neva kabisa. Na mdomo ukipinda upande mmoja ao maneno yakipotea ghafula, ni hopitali saa ileile, si chumba cha maombi.