Gari ya kwanza ya kijana: chagua ile itakayodumu, si ile inayong'aa

Katika miji yetu ya mashariki, karibu kila avenue iko na gari moja iliyowekwa juu ya mawe. Pineu zimetolewa, vumbi imejaa juu ya kioo, kuku zinalala chini yake. Ukiuliza majirani, habari ni ile ile: baba aliuza kipande cha shamba, mama akapokea zamu yake ya likelemba, wakamununulia kijana gari ili afanye taksi ao aende nayo kazini. Miezi michache nyuma yake, moteri ikakufa, ao karatasi zikakosekana. Pesa ya familia nzima ikalala pale.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa. Neno kubwa ni hili: gari ya kwanza si ya kujionyesha. Nunua moteri, freni na karatasi. Rangi na muziki vitakuja kisha.

Gari hizi zinatoka wapi?

Magari mengi ya okazioni tunayoona katika Kivu, Ituri na Tanganyika yalitengenezwa Japani. Yanapanda meli mpaka Dar es Salaam ao Mombasa, kisha yanafuata barabara mpaka mipakani: Kasindi na Mahagi upande wa Uganda, Goma na Bukavu upande wa Rwanda, Kavimvira karibu na Uvira upande wa Burundi.

Kule Japani, gari ya mutu inapashwa kupita kontroli ya serikali. Mara ya kwanza ni miaka 3 nyuma ya kununuliwa ikiwa mupya, kisha kila miaka 2. Kontroli ile inaomba pesa nyingi, ndiyo sababu moja wenyewe wanauza gari zingali na nguvu. Kwa hiyo gari iliyotoka Japani juzi, na gari ya mwaka ule ule iliyokwisha kutembea miaka 5 juu ya mashimo yetu, si kitu kimoja, hata kama zinafanana kwa macho.

Lakini gari iliyotumika hapa iko na faida yake: unaweza kuuliza nani aliiendesha, ilifanya kazi gani, na fundi gani aliitengeneza. Ukimukuta fundi wake, ongea naye peke yake, muuzaji asipokuwa karibu.

Usukani wa kuume na usukani uliohamishwa

Katika Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara, namna inavyoomba sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978. Rwanda na Burundi ni vile vile. Japani, Tanzania, Kenya na Uganda wanatembea upande wa kushoto, na gari zao ziko na usukani upande wa kuume.

Kwa kijana anayeanza, jambo hili si dogo. Ukiwa nyuma ya kamioni na usukani uko kuume, hauoni kinachokuja mbele mpaka umetoa karibu gari nzima. Unabaki kumuuliza yule aliyekaa pembeni: « Njia iko wazi? » Tena, taa za gari ya Japani zimepangwa kuangazia zaidi ukingo wa kushoto, kwa hiyo hapa kwetu usiku zinapiga macho ya anayekuja mbele yako. Omba fundi azibadilishe ao azipange upya.

Wengine wanapeleka gari garajini ili usukani uhamishwe kushoto. Hapo fungua macho zaidi. Kazi hiyo inagusa usukani, pedali na freni, vitu vinavyobeba maisha yako. Alama za kukujulisha ni hizi:

- Tablo iliyokatwa ao kuunganishwa, na alama za kusudia chuma karibu na pedali.
- Vipangusa-kioo vinavyoacha uchafu mbele ya macho ya shofere, kwa sababu vilipangwa kwa mutu aliyekaa upande mwingine.
- Namba ya chasi. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani iko na namba fupi yenye kistari katikati, kwa mufano NCP61 kisha kistari na tarakimu. Gari iliyotengenezwa kwa inchi zingine iko na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ukiona namba fupi ya Japani na usukani uko kushoto, karibu hakika ulihamishwa.

Kama moyo wako unasita, acha gari hiyo. Afazali usukani wa kuume wa kiwanda kuliko usukani wa kushoto uliofanyizwa na mutu usiyemujua.

Moteri gani kwa anayeanza?

Kanuni ni moja: chukua gari ambayo fundi wa kwenu anaijua na piesi zake zinapatikana sokoni kwenu. Ndiyo maana Toyota ndogo zimejaa. Toyota Vitz, Ist na Probox za moteri ya litre 1,3 ao 1,5 hazikunywi esansi sana. Moteri za aina ya NZ, zinazokuwa katika nyingi za gari hizo, zinatumia shene ya ndani pahali pa mukanda wa distribisioni. Shene inadumu sana kama vidanji inafanywa kwa wakati.

Carina na Corolla za zamani, na RAV4 za kwanza, nazo ni ngumu na mafundi wanazijua, lakini nyingi zao ziko na mukanda. Mukanda huo unapashwa kubadilishwa karibu kila kilometa 100 000. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uweke bei yake ndani ya bei ya gari. Usingoje ukatike: utabaki njiani, na kwa moteri zingine unaharibu ndani kabisa.

Moteri zenye kuandikwa D-4 juu yake, ziogope. Zinapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu sana, na zinapenda esansi safi. Kwetu, ambapo mara nyingi tunanunua esansi ya chupa kwa kadhafi, zinachoka haraka na mafundi wachache tu wanaziweza.

Kama unakaa mujini na njia ni ngumu kidogo tu, gari ndogo inatosha. RAV4 ni ya yule anayepanda milima ya matope kila juma. Mwingine ataibebea tu muzigo wa esansi.

Kuangalia gari: saa moja inayolinda miaka

Enda asubui, mwenye gari asiwashe mbele ya wewe kufika. Gusa moteri: inapashwa kuwa baridi. Gari iliyopashwa moto mbele inaficha ugumu wa kuwaka. Mutafute fundi wako mwenyewe, umulipe wewe. Fundi aliyeletwa na komisionere anafanyia komisionere kazi.

Moteri ikiwa ingali baridi, fungua kifuniko cha mafuta ya moteri na cha radiateri. Mafuta yenye rangi ya maziwa, ao maji yenye mafuta juu yake, maana yake maji na mafuta vinakutana ndani. Kutengeneza ni kazi kubwa.

Fungua kontakti bila kuwasha. Taa zote za tablo zinapashwa kuwaka, pamoja na ile ya moteri, kisha zizimike moteri ikiungurumuka. Taa ya moteri isipowaka hata kidogo, pengine mutu ameitoa ili usione ugonjwa.

Washa. Moshi wa buluu: moteri inakula mafuta yake. Moshi mweusi: esansi haichomeki vizuri. Moshi mweupe mwingi unaoendelea hata moteri ikiwa moto: maji yanaingia ndani.

Kilometa za tablo usiziamini upesi, zinaweza kurudishwa nyuma. Angalia pedali zilizolika, kiti cha shofere na usukani. Tafuta pia vikaratasi vya Kijapani karibu na mulango wa shofere ao chini ya kapo: mara nyingi vinaonyesha tarehe na kilometa za vidanji ya mwisho kule. Kama kikaratasi kinasema 120 000 na tablo inasema 80 000, umekwisha jibiwa.

Juu ya pineu kuna tarakimu 4 mwisho wa alama ya DOT. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Pineu ya zamani sana inaweza kupasuka hata kama bado iko na meno.

Kisha enda njiani. Panda mulima, shuka, piga freni polepole na kwa nguvu. Gari isivute upande. Pita pahali pa mashimo na usikilize. Nyuma ya dakika 30, angalia kama maji yamepungua ao chini kuna matone.

Karatasi: hapa ndipo wengi wanaanguka

Omba kuona karatasi zenyewe, si fotokopi. Carte rose inapashwa kuwa na namba ya chasi ile ile unayoisoma juu ya gari, herufi kwa herufi. Pitisha kidole juu ya namba: kama chuma kimekwaruzwa ao kusudiwa upya, ondoka. Pengine gari iliibiwa ngambo.

Kama gari ingali na plaki ya inchi jirani, uliza kama ushuru wa DGDA ulilipwa, na uone kitansi. Gari iliyoingia kwa ruhusa ya muda si yako, hata ukiilipa yote. Na kama gari ingali bandarini, ongea na deklaranti mbele ya kutuma pesa: umri wa gari na usukani wake vinaweza kubadilisha kila kitu kwenye dwane.

Fanyeni hati ya kuuzisha mbele ya notere, mashahidi wakiwepo, kisha fanya mutasioni ili carte rose ibebe jina lako. Kijana anayetembea na carte rose ya mutu mwingine anaomba matata kila karfuri. Asiransi ni lazima. Tangu sheria ya 2015, Sonas haiko peke yake tena, unaweza kulinganisha bei.

Gawa pesa mbele ya kwenda sokoni

Tuseme familia iko na dola 5 000. Usitafute gari ya dola 5 000. Tafuta ya 4 000. Zile 1 000 zilizobaki ni za mutasioni, asiransi, vidanji, filtri, freni, batri na pengine pineu 2. Mambo hayo yatakuja katika miezi ya kwanza, upende usipende. Gari nyingi zilizo juu ya mawe hazikukufa kwa ugonjwa mukubwa. Zilikosa dola 150 siku ambayo mufuko ulikuwa mutupu.

Na kijana mwenyewe

Permi inaombwa kwa miaka 18 na zaidi, na permi ya kununua haifundishi kupiga freni. Wazazi, miezi 3 ya kwanza mumukalishe mutu mwenye kuzoea pembeni yake, asitembee usiku, asijaze watu 7 ndani ya gari ya 5. Mikanda ifungwe, hata nyuma.

Na wewe kijana: kama komisionere anakuharakisha, anasema kuna mwingine anakuja na pesa saa kumi, mwache huyo mwingine ainunue. Gari za Japani zinashuka bandarini kila juma. Shamba ya baba haiuzishwi mara mbili.