Kina Katika Picha: Historia ya Stereoskopu na Suala la Jina Lake

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili pamoja na mitambo mipya, iko moja ambayo yafaa ihojiwe na wataalamu wa lugha. Istilahi hiyo ni "pande tatu". Filamu ambayo watazamaji wake huvaa miwani huitwa ya pande tatu. Picha ya mfupa inayoweza kugeuzwa huku na huku juu ya kioo cha kompyuta hupewa jina hilo hilo. Neno hili laeleweka, lakini je, lasema kweli? Mchemraba una nyuso sita, na pembetatu, ambayo haina kina hata chembe, ndiyo yenye pande tatu. Kusudi la makala haya ni kufuata historia ya picha za namna hii, ili ionekane kwamba siri yake haimo katika hesabu ya pande za kitu, bali katika tendo la mtu anayekitazama. Jambo hilo likikubaliwa, jina nalo halina budi kufikiriwa upya.

Wachoraji wa Ulaya walijua zamani kwamba picha ina upungufu. Leonardo da Vinci aliandika kwamba mchoro, hata ukiwa kamili kwa mistari, vivuli na rangi, hauwezi kuonekana umeinuka kama kitu chenyewe, isipokuwa mtu akivitazama vyote viwili kwa jicho moja tu. Alikaribia sana kuipata sababu, lakini hakuifikia.

Aliyeifikia ni Charles Wheatstone, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1802 katika jamaa ya watengenezaji wa ala za muziki, ambaye baadaye alikuwa profesa katika King's College, London. Mwezi wa Juni mwaka wa 1838 alisoma mbele ya Royal Society makala yaliyoeleza jambo ambalo kila mtu mwenye macho mawili angeweza kulijaribu. Kitu kilicho karibu hakionekani sawasawa kwa macho yote mawili, maana jicho la kulia huona zaidi upande wake wa kulia, na la kushoto upande wake wa kushoto. Wataalamu waliomtangulia waliiona tofauti hiyo kuwa kikwazo: yawezekanaje picha mbili zisizolingana zionekane kuwa kitu kimoja? Wheatstone aliligeuza swali. Alisema kwamba tofauti hiyo ndiyo inayotujulisha kina.

Ili kuthibitisha neno lake alitengeneza chombo chenye vioo viwili vya kujitazamia vilivyokutana kwa pembe. Mtazamaji aliweka pua yake mbele ya ncha ya pembe hiyo; jicho la kulia likaona mchoro uliowekwa kuliani, na la kushoto mchoro wa kushotoni. Michoro yenyewe ilikuwa mistari mitupu, isiyo na kivuli wala rangi. Hayo yalifanywa kwa makusudi, kwa sababu kama angetia vivuli, mpinzani angesema kwamba kina kinatokana na ufundi wa mchoraji. Kwa mistari mitupu hapakubaki nafasi ya udhuru. Michoro miwili bapa ilitazamwa pamoja, na umbo kamili likasimama hewani. Chombo hicho alikiita stereoskopu, kwa maneno mawili ya Kiyunani: "stereos", yaani kilicho kigumu na kamili, na "skopein", yaani kutazama. Yafaa izingatiwe kwamba habari za upigaji picha wa Daguerre na wa Talbot zilitangazwa mwaka uliofuata, 1839. Picha yenye kina, basi, ilibuniwa kabla dunia haijatangaziwa kamera.

Kilichoieneza stereoskopu majumbani ni chombo kingine. David Brewster, Mskoti aliyebobea katika elimu ya nuru, alibuni mwaka wa 1849 kisanduku kidogo chenye lenzi mbili badala ya vioo. Fundi Jules Duboscq wa Paris alikitengeneza vizuri, na katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka wa 1851 Malkia Victoria alipendezwa nacho. Baada ya hapo biashara ilivuma. Mwaka wa 1861 Oliver Wendell Holmes, tabibu na mwandishi wa Marekani, alibuni namna nyepesi ya kushika mkononi, wala hakujiwekea haki ya kuiuza peke yake.

Lakini Brewster na Wheatstone hawakupatana. Mwaka wa 1856 barua zao zilichapishwa katika gazeti la The Times. Brewster alidai kwamba wazo la stereoskopu lilikuwa la James Elliot wa Edinburgh, aliyelifikiria mwaka wa 1834. Baadaye akashikilia kwamba michoro miwili ya Jacopo Chimenti, mchoraji wa Italia wa zama za kale, ilichorwa kwa ajili ya kutazamwa kwa namna hiyo. Mtu aweza kudhani kwamba ugomvi huo ulikuwa wa kugombea sifa tu. La hasha, chini yake lilikuwapo swali zito. Brewster aliamini kwamba kina hupatikana kwa jiometri ya macho: macho hukimbia haraka juu ya kitu, yakikutanisha mistari yake miwili katika nukta moja baada ya nyingine. Wheatstone aliamini kwamba akili huzipokea picha mbili kwa pamoja, nayo ndiyo inayozifanya kuwa umbo moja.

Ushahidi ulikuwapo hata kabla ya barua hizo. Mwaka wa 1841 Heinrich Dove wa Ujerumani alimulika picha za stereoskopu kwa cheche ya umeme, ambayo hudumu kwa muda mfupi mno kiasi kwamba macho hayawezi kusogea. Hata hivyo kina kilionekana. Mwaka wa 1852 Wheatstone mwenyewe alieleza chombo cha kubadilishana, ambacho hulipa jicho la kulia mwono wa kushoto, na la kushoto mwono wa kulia. Mtu akitazama kwa chombo hicho ndani ya kikombe cha chai, huona uvimbe mahali palipo na shimo. Kikombe hakikubadilika, kilichobadilika ni habari zilizopelekwa akilini. Mwisho, mwaka wa 1960, Béla Julesz, aliyekuwa akifanya kazi katika Bell Laboratories huko Marekani, alichapisha picha za nukta zilizotawanywa bila mpango na kompyuta. Jicho moja halioni humo kitu chochote. Macho mawili huona mraba ukielea. Hapo ilidhihirika kwamba akili huunganisha picha mbili hata kabla ya kutambua zinaonyesha nini.

Matumizi yake ni mengi, na baadhi yanahusu nchi zetu. Mwaka wa 1901 Carl Pulfrich wa Jena alitengeneza mtambo wa kupima masafa kwa picha mbili. Kwa kanuni hiyo hiyo, baada ya idara ya upimaji wa makoloni kuundwa Uingereza mwaka wa 1946, ndege za jeshi zilipiga picha za sehemu kubwa za Kenya na Tanganyika, kila picha ikifunika sehemu ya eneo la mwenzake, na wachora ramani wakaviona vilima na mabonde kwa macho mawili kana kwamba yanatenganishwa na masafa ya ndege ilikotoka na ilikofika. Katika mchezo nao, filamu ya Arch Oboler iliyotolewa Marekani mwaka wa 1952, na ambayo ndiyo iliyoanzisha wimbi la filamu za miwani huko, ilisimulia habari za simba wa Tsavo walioua wajenzi wa reli mwaka wa 1898. Jina lake lilikuwa Bwana Devil. Neno letu moja, basi, lilikuwamo tangu mwanzo wa wimbi hilo. Kadhalika, nyayo za kale zilizochimbuliwa Laetoli, na ambazo Fidelis Masao na wenzake walizitangaza mwaka wa 2016, zilihifadhiwa kwa picha nyingi za kamera zilizounganishwa na kompyuta. Kompyuta hapo hufanya yale ambayo akili hufanya kwa picha mbili.

Iko njia nyingine, ambayo haikupitia macho mawili. Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Rugby, Uingereza, alibuni holografia mwaka wa 1947. Yeye hakuandika picha ya kitu, bali mawimbi yenyewe ya nuru yanayotoka kwake, na jina akalitoa katika neno la Kiyunani "holos", yaani zima. Leza ilipopatikana mwaka wa 1960, Emmett Leith na Juris Upatnieks huko Michigan, na Yuri Denisyuk huko Leningrad, waliikamilisha kazi yake. Gabor alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1971. Katika holografu mtu akisogeza kichwa huona nyuma ya kitu. Katika stereoskopu hawezi. Tofauti hiyo ni kubwa, wala haifai kufunikwa na jina moja.

Sasa turejee katika lugha. Kwa hesabu, pendekezo langu ni "vipimo vitatu", yaani urefu, upana na kina. Kwa picha, "picha yenye kina". Wala si "picha ya kina", kwa kuwa "uchunguzi wa kina" umekwisha kuwa na maana nyingine. Vyombo navyo vibaki na majina yake: stereoskopu, holografu. Pengine msomaji atapinga, akisema kwamba kina ni neno la washairi, umoja wa vina, na pia ni neno la mabaharia. Kwa upande wa ushairi, muktadha unatosha kuzuia utata. Kwa upande wa bahari, pingamizi hilo ni hoja ya kuliunga mkono neno. Kina cha maji hakionekani usoni mwake. Nahodha hukijua kwa kuteremsha bildi. Vivyo hivyo karatasi ya Wheatstone ni bapa, na kina hakipatikani hadi mtu apime kwa macho mawili. "Pande tatu" humfundisha mwanafunzi kuhesabu kitu. "Kina" humfundisha kwamba kuna tendo la kujua, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mtendaji.