Mita na Kosa la Karatasi Mbili

Wazee wetu wa pwani walipima nguo kwa shibiri, dhiraa, wari na pima. Shibiri mbili zilifanya dhiraa, dhiraa mbili zikafanya wari, na dhiraa nne pima. Vipimo hivyo vilitosha sokoni, ila vilifuata mkono wa mpimaji: mwenye mkono mrefu alipendwa na wanunuzi, si na tajiri wake.

Ufaransa nayo ilikuwa na tatizo lilo hilo. Mwaka 1791 wataalamu wake waliamua kipimo kisitoke tena katika mwili wa mtu, bali katika Dunia yenyewe: mita iwe sehemu moja katika milioni kumi za masafa ya kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Kuanzia 1792 Delambre na Méchain walipima mstari wa Dunkerque hadi Barcelona, na mwaka 1799 mita ya platini ikawekwa katika hifadhi ya nyaraka mjini Paris.

Majina ya vizidisho na vigawanyo yalitoka katika lugha mbili za kale. Kilo ni elfu ya Kiyunani. Mili ni elfu ya Kilatini. Maana ni moja, kazi ni mbili: ya kwanza huzidisha, ya pili hugawa. Hapo ndipo mwanafunzi hupotea, na hapo mwalimu wa lugha ana neno la kusema hata katika somo la hesabu. Kilomita ni mita 1,000, na mita ni milimita 1,000. Basi kilomita ni milimita 1,000,000.

Tuijaribu kanuni hiyo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mita ile ilikuwa fupi kwa takriban milimita 0.2, unene wa karatasi mbili, hasa kwa kuwa umbo la Dunia halikukadiriwa sawasawa. Zidisha 0.2 kwa 10,000,000, upate milimita 2,000,000. Gawa kwa 1,000: mita 2,000. Gawa tena: kilomita 2. Ndiyo sababu masafa yale si kilomita 10,000 kamili, bali karibu 10,002.

Mita haikurefushwa. Tangu 1983 huelezwa kwa masafa yanayokwendwa na nuru katika ombwe kwa sehemu moja katika 299,792,458 za sekunde, lakini urefu uliohifadhiwa ni ule ule wa zamani. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usiidharau nukta iliyokosewa daftarini. Haba na haba hujaza kibaba, na kosa nalo lina kibaba chake.