Klabu ya Drama Haijawahi Kuwa Mchezo

Shuleni ulikuwa klabu gani? Mimi nilikuwa drama, na kila likizo nyumbani swali lilikuwa lile lile: hiyo drama itakuja kwa KCSE? Shuleni nako, tulipofika kidato cha nne, tuliambiwa klabu basi, sasa ni kusoma. Yaani elimu iko darasani, klabu ni mahali pa kupoteza jioni ya Ijumaa.

Leo nataka turudi nyuma hadi mwaka mmoja, 1955, na shule moja mnayoijua wote: Alliance High School, pale Kikuyu.

Alliance ilianzishwa 1926 na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Kufikia 1955 mwalimu mkuu alikuwa Carey Francis, Mwingereza mtaalamu wa hesabu kutoka Cambridge, ambaye kabla ya hapo aliongoza Maseno. Januari hiyo aliingia kijana kutoka Limuru ambaye sasa tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Sasa fikiria nje kulikuwaje. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Kiambu nzima ilikuwa chini ya kafyu, vipande na askari. Kaka yake Ngũgĩ alikuwa msituni na Mau Mau. Kijana mwenyewe yuko darasani, amevaa khaki safi, anasoma kwa Kiingereza, anaandaliwa kwa mtihani wa kutoka Cambridge. Muhula wa kwanza ukaisha Aprili, akabeba sanduku lake kwenda nyumbani. Kufika, hakuna nyumba. Serikali ilikuwa imebomoa boma lao na kuwahamishia watu kwenye kijiji kipya cha Kamĩrĩĩthũ, wakae pamoja mahali wanapoweza kuchungwa. Likizo yake ya kwanza ilianza kwa kutafuta mama yake anaishi wapi.

Kisha likizo ikaisha akarudi darasani. Kengele, hesabu, Kiingereza, kanisa. Hebu jiulize: yale aliyoyaona angeyaongelea wapi? Si kwenye somo la historia, kwa sababu historia ya siku hizo ilikuwa ya wafalme wa Uingereza.

Lakini shule ilikuwa na upande mwingine. Kila mwaka wanafunzi wa Alliance waliigiza tamthilia ya Shakespeare, na mwaka huo ilikuwa As You Like It. Kama hujaisoma, ni hadithi ya mtawala aliyepinduliwa na ndugu yake mwenyewe, akakimbilia msituni na watu wake. Waliokubali kuichezesha labda waliona ni Kiingereza kizuri tu cha kunoa ndimi za vijana. Lakini kwa kijana ambaye kaka yake yuko msituni kweli, hiyo si hadithi ya Uingereza ya zamani. Ni habari za nyumbani.

Kulikuwa pia na klabu ya midahalo. Katika kitabu cha kumbukumbu zake za Alliance, In the House of the Interpreter, Ngũgĩ anasimulia mdahalo kuhusu iwapo elimu ya Kizungu imetufaa au imetudhuru. Alisimama na penseli mkononi. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu akija kwako akachukua shamba, halafu akakuachia penseli, mmelipana? Hiyo hoja hakuna mwalimu aliyemwandikia ubaoni. Ila kuijenga, kusimama mbele ya watu, kushika kitu kimoja kidogo na kukifanya kibebe nchi nzima, hayo yanahitaji ukumbi. Klabu ndiyo iliyompa.

Sisemi darasa halikumpa kitu. Kiingereza alichoandikia vitabu vyake vya kwanza alikipata hapo. Ninachosema ni kwamba darasani alifundishwa kujibu maswali, na klabuni akapata nafasi ya kuyauliza.

Na wenye mamlaka hilo wanalijua kuliko wazazi wetu. Mwaka 1977, katika kijiji kile kile cha Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, ikaigizwa na wakulima na wafanyakazi wa hapo hapo, kwa lugha yao. Serikali ikaipiga marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka mzima bila kesi. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na jukwaa.

Ukidhani hayo ni mambo ya kina babu, kumbuka Aprili 2025. Wasichana wa Butere walikuwa na Echoes of War, tamthilia ya mashindano ya shule. Ilibidi mahakama iamue ndio waruhusiwe kuigiza. Hata baada ya uamuzi huo, Nakuru kulijaa polisi na vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Polisi wote hao, kwa sababu ya klabu ya drama ya shule ya upili!

Mwezi uliofuata, Mei 28, Ngũgĩ akafariki akiwa na miaka 87.

Kwa hivyo wewe uliye shuleni sasa, soma, tena soma kwa bidii, KCSE haina huruma. Lakini ukiambiwa klabu ni mchezo, jiulize: kama ni mchezo, mbona polisi wanatumwa?