Unataka Kupiga Digrii Mtandaoni Ukiwa Malindi ama Kilifi? Panga Haya Kabla Hujatuma Karo

Wasee wengi wa pwani, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, wameamua kupiga digrii wakiwa keja. Hakuna kuhamia Nairobi, hakuna kuacha jobo. Kama nawe uko kwa hiyo mbogi, poa sana. Lakini jua mapema kwamba wengi wanaokwama njiani akili wanazo. Kinachowamaliza ni ratiba.

Stori yenyewe si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo kule Kikuyu kilichosomesha walimu kwa barua za posta na redio. Siku hizi kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023 na makao yake yako Konza. Vyuo vingine navyo vina kozi za mtandaoni. Chochote utakachochagua, hakikisha kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kozi yenyewe pia. Tangazo tamu la Facebook si kibali, na karo ikishaenda kwa matapeli, kuirudisha ni noma.

Sasa tuongee kuhusu kalenda, maana hapa ndipo mtu wa Malindi ama Watamu anaumia. Muhula unaoanza Septemba kwa kawaida huishia Desemba. Desemba ni nini huku kwetu? Wageni wamejaa, hoteli zinataka watu, tuktuk na boda hazilali, na tipu ndiyo ganji ya mwaka mzima. Mtihani na wageni vinabisha mlango siku moja. Halafu Aprili hadi Juni mvua inapiga, hoteli zingine zinafunga, na wewe uko maskani na muda tele lakini mfuko umekauka.

Kwa hivyo kabla ya kujisajili, chukua kalenda ya chuo uiweke kando ya kalenda ya kazi yako. Uliza kama unaweza kuchukua masomo machache muhula wa wageni na kuongeza ule wa mvua. Uliza pia kama karo inalipwa kwa awamu, na ukishajua, weka pesa ya Aprili kando ukiwa bado unakula za Desemba. Ukichukua masomo yote na shifti zote kwa pamoja, kitu kimoja kitaanguka, na mara nyingi huwa ni kile ambacho bosi hakikuulizi.

Mtandao nao. Bando la saa moja ni la kuchapa stori, si la kusoma chuo. Video za darasani zinakula data kama nini. Zipakue mahali penye waifai, usome baadaye bila wasiwasi. Ukiwa Malindi ama Kilifi mjini utapata netiwaki ya maana, lakini ukiingia ndani kuelekea Ganze ama Magarini kuna mahali simu inatafuta minara mpaka inachoka. Jaribu laini mbili tofauti hapo hapo utakaposomea, saa ile ile utakayosomea, kabla hujalipa chochote.

Stima nayo usiiamini. Agosti 25, 2023 iliyeyuka karibu nchi nzima usiku. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa kobe Afrika Mashariki yote. Aliyekuwa anangoja dakika ya mwisho kutuma kazi yake alijua hajui. Jiwekee siku yako ya mwisho, siku mbili kabla ya ile ya chuo. Simu na lapi zilale zimejaa chaji. (Na hiyo lapi usiiache dirishani, hewa ya chumvi ya bahari haina huruma na vyuma.)

Lakini kazi ngumu zaidi iko nyumbani. Ukiwa umekaa na lapi, kwa mathe wewe uko tu. Utatumwa nazi, utatumwa tokeni, utaambiwa umpeleke shangazi hospitali kwa sababu "huna kazi." Usikasirike. Kaa nao chini, waeleze kwamba saa fulani uko darasani na kwamba mtihani mwingine unafanywa kamera ikiwa imewashwa. Andika saa hizo ubandike mlangoni. Wengi hupenda saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi: nyumba imetulia, joto bado halijaanza, na netiwaki haina msongamano.

Kisha tafuta wenzako wawili watatu wa kozi moja walio karibu, hata kama mmoja yuko Kibaoni na mwingine Gede. Mkutane Jumamosi moja kwa mwezi, kila mtu aonyeshe alichotuma. Ukikosa kutokea, kuna msee atakupigia kuuliza uko wapi.