Vipele vya Fordyce na mafuta ya damu

Vipele vya Fordyce ni vidoti vya rangi ya maziwa au manjano hafifu, vyenye upana wa milimita 1 hadi 3, vinavyotokea kwenye midomo na upande wa ndani wa mashavu. Wengine huwa navyo sehemu za siri pia. Haviumi, haviwashi wala haviambukizi. Wengi huvigundua mbele ya kioo na kudhani wamepata ugonjwa wa zinaa, hofu isiyo na msingi: hukadiriwa kuwa asilimia 70 hadi 80 ya watu wazima wanavyo.

Jina ni la John Addison Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani aliyevieleza mwaka 1896. Kiini chake ni tezi za mafuta zilezile zinazolainisha ngozi, ila hizi hazikuungana na unywele. Hujitokeza zaidi kuanzia balehe, homoni zinapozichochea.

Kinachozihusisha na mafuta ya damu ni kile zinachotengeneza: trigliseridi, nta, na skwaleni, ambayo mwilini ni hatua mojawapo ya kutengeneza kolesteroli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulidokeza kuwa wenye vipele vingi mdomoni huelekea kuwa na mafuta mengi zaidi katika damu. Dokezo hilo lina mvuto, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Vipele huonekana zaidi kadiri umri unavyosonga, na kolesteroli nayo hupanda kwa umri. Viwili hivyo vyaweza kwenda pamoja bila kimoja kukizaa kingine. Isitoshe, tezi hujitengenezea yenyewe sehemu kubwa ya mafuta yake. Na dalili waliyo nayo watu wengi kiasi hicho itamtenganishaje mgonjwa na mzima? Hata mabaka ya manjano ya kwenye kope, yanayojulikana zaidi kwa uhusiano huo, takriban nusu ya wenye nayo wana mafuta ya kawaida.

Vipele havihitaji tiba, na kuvikamua huleta jeraha bure. Anayetaka kujua hali ya mafuta yake apime damu. Kolesteroli ya jumla inayozidi milimoli 5.2 kwa lita huhesabiwa kuwa juu ya kiwango kinachopendekezwa. Doa la mdomoni linalokua, kuvuja damu au kugeuka kidonda lionyeshwe kwa daktari wa meno mapema.